Kijana wangu ndiye alizima antivirasi, lakini anayelaumiwa ni shemeji

Habari yako mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi hapa Nakuru upande wa Free Area, naomba usitaje jina langu kwa sababu wengine wenye watasoma hii wananijua. Shida yangu itaonekana ndogo, ni ya kompyuta tu, lakini imevuruga nyumba yetu yote na usingizi siku hizi napata kidogo sana.

Tuko na kompyuta ya mezani hapo sebuleni, hizi za mtumba za kutoka Uingereza, tulinunua 2021 kupitia kwa shemeji, ndugu mdogo wa mume wangu, yeye ni fundi wa kompyuta huko tauni. Shemeji alikaa kwetu miaka mitatu akisoma koleji, mimi ndio nilikuwa nampikia na kumfulia wakati wa mitihani, kwa hivyo simchukulii kama shemeji tu, ni kama mdogo wangu wa damu. Ndiye alituwekea Windows, Office na antivirasi, akaniambia shemeji hii ni ya maisha hutawahi kulipa. Baadaye ndio nikaja kujua ni ya kraki, yaani imevunjwa ili itumike bila kulipiwa, lakini sikujali, nilikuwa nafikiria kila mtu anatumia hivyo.

Sasa, mimi ndio mweka hazina wa chama chetu, tuko wamama 22, na rekodi zote za miaka hiyo nilikuwa naweka kwa Excel, michango, mikopo, faini, namba za simu mpaka namba za vitambulisho. Na kulikuwa na foda ya picha na video za mama yangu mzazi, aliaga 2022, nilikuwa nimezitoa kwa simu yangu ya zamani kabla iharibike.

Mwezi uliopita siku ya Jumapili nimetoka kanisa nakaa nifungue faili ya chama, inakataa. Kuangalia vizuri naona kila faili imeota mkia, mwisho wa jina kumeongezwa herufi nne sizielewi, hata picha, hata kazi ya shule ya msichana wangu. Na kila foda iko na kabarua kanaitwa _readme.txt. Nikafungua. Kilikuwa Kiingereza, ati faili zangu zimefungwa, nilipe dola 980 zifunguliwe, na nikiwaandikia ndani ya masaa 72 nitalipa nusu, dola 490. Mikono ilianza kunitetemeka. Sikulipa, hata ningetaka ningetoa wapi.

Mume wangu alimpigia shemeji hapo hapo akamwambia maneno mabaya sana, kwamba tulimsomesha halafu analeta takataka kwa nyumba yetu. Shemeji alikuja jioni hiyo, akajaribu mpaka saa sita usiku, akashindwa, akaenda bila hata kunywa chai. Tangu siku hiyo hawaongei, hii ni wiki ya tatu.

Siku nne baadaye niko jikoni naosha vyombo, kijana wangu wa miaka 16 akaja akachukua kitambaa akaanza kunipanguzia sahani, kitu hajawahi kufanya. Nikajua kuna neno. Akaniambia ile Jumamosi alipakua gemu ya mpira ya kraki, na video ya maelekezo ilikuwa inasema zima antivirasi kwanza ndio isikatae, na yeye akazima. Alilia mshauri. Akaniomba nisimwambie baba yake. Nikamwambia nitafikiria, na mpaka leo nafikiria.

Sasa mume wangu anasema tununue antivirasi ya pesa tumalize hii maneno, duka moja tauni wameniambia shilingi 3,200 kwa mwaka, kompyuta tatu. Mwalimu mwenzangu anasema nisipoteze pesa, ile ya Windows yenyewe inatosha. Shemeji naye amenitumia ujumbe kwa siri kwamba ako na Kaspersky nyingine ya kraki ambayo haisumbui, nadhani anataka kurudisha heshima yake. Na mwenyekiti wa chama anataka rekodi kwa mkutano wa mwisho wa mwezi na sijamwambia kitu.

Ninunue gani? Na huyu mtoto nimfanyie nini?

Mama wa Free Area

Jibu:

Dada, nianze na huyo kijana aliyechukua kitambaa akapanguza sahani, kwa sababu nimesoma barua yako mara kadhaa na kila mara narudi hapo. Wewe umeiandika kama mzigo umeongezewa, mimi naona mtoto wa miaka 16 ambaye hakuna mtu alikuwa anamshuku, mjomba... samahani, baba yake mdogo tayari alikuwa amebeba lawama yote, angenyamaza tu na ingeisha hivyo. Akaja mwenyewe. Nitarudi kwake, lakini kuna jambo moja haliwezi kungoja.

Hiyo barua ya dola 980 na nusu bei ndani ya masaa 72, pamoja na mkia wa herufi nne, ni alama za virasi inayoitwa STOP, wengine huiita Djvu. Inajulikana sana duniani na njia yake kubwa ya kuingia kwa nyumba za watu ni hizi hizi programu za kraki. Kitu ambacho wengi hawaambiwi ni kwamba mara nyingi haiji peke yake, inakuja na mwizi mwingine wa kimya ambaye anakusanya paswadi zilizohifadhiwa kwa brauza na kuzituma. Kwa hivyo leo, ukitumia simu yako, usitumie hiyo kompyuta, badilisha paswadi ya imeili yako kwanza, halafu eCitizen, iTax, benki, Facebook, na kila mahali uliwahi kuingia kupitia hiyo kompyuta, na uondoe vifaa vyote vilivyobaki vimeingia kwa akaunti yako. Watoto na mume pia. PIN ya M-Pesa haikai kwa kompyuta, isipokuwa uliiandika mahali, na kama uliiandika kwa hiyo Excel basi nayo ibadilishe.

Sasa tupumue kidogo, tuongee kuhusu hizo faili, kwa sababu umeandika kama zimekufa zote na mimi sina uhakika kama ni hivyo.

Fungua tena kale kabarua, chini kabisa kuna namba ndefu waliyokupa hao wezi, si ile ya kitambulisho chako cha serikali. Ikiwa inaishia na t1, mara nyingi maana yake ni kwamba virasi ilishindwa kufikia mitambo ya wenyewe wakati inafunga, labda bando lilikuwa limeisha ama waifai imekatika, ikatumia ufunguo mmoja wa akiba ambao hutumika kwa watu wengi. Hao wenye ufunguo wa akiba kuna wakati wanasaidika bure, kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya kufungua 2019, na inapatikana pia kupitia No More Ransom, mradi ulioanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol ambayo ni polisi wa Umoja wa Ulaya, na kampuni za usalama. Kama haiishii na t1, kwa sasa labda hakuna wa kukufungulia, na mtu yeyote atakayekupigia ati ana njia, awe wa hapa Nakuru ama wa Marekani, muogope. 2020 kulitokea programu feki ya kufungulia hii hii STOP, ukiiweka inafunga faili zako mara ya pili.

Lakini video za mama yako, hapo niko na tumaini kidogo la ukweli. Hii aina hufunga mwanzo tu wa faili, kama kilobaiti 150 hivi za kwanza, kilichobaki kinakuwa vile kilikuwa. Kwa picha ndogo hiyo ni karibu faili yote, lakini kwa video ya dakika tatu ni kidogo sana, na kuna mafundi wanaweza kurudisha sehemu kubwa. Kwa hivyo usikubali mtu afomati hiyo kompyuta, yaani afute kila kitu ndani, kabla hujanakili faili zote zilizofungwa kwa diski ya nje, pamoja na kale kabarua, uziweke kwa kabati. Na uulize kwa grupu ya WhatsApp ya familia, dada zako, binamu, wale waliokuja matanga, nani ana picha za mama. Picha za mazishi husambaa kuliko tunavyofikiria, utashangaa ziko kwa simu ngapi.

Rekodi za chama nazo, jiulize hivi, wale wamama walikuwa wanakulipa aje? Kama ilikuwa M-Pesa, basi daftari lako la kweli liko Safaricom. Unaitisha taarifa kwa *334# ama kwa app yao, inakuja kwa imeili, na kila mchango uko hapo na jina na tarehe. Faini za pesa mkononi na mikopo ya mezani ndizo zitakuwa na mapengo, na hapo ndipo utahitaji wamama wenyewe wakusaidie kukumbuka.

Na kwa hayo ya chama niruhusu nikusukume kidogo. Umeandika kama jambo la mkutano ni aibu yako ya kupoteza rekodi. Lakini kwa hiyo faili kulikuwa na namba za vitambulisho na simu za wanawake 22, na inawezekana zimetoka, siwezi kukuambia zimetoka ama hazijatoka. Kenya tuko na sheria ya kulinda data ya watu tangu 2019, lakini hata tukiweka sheria kando, hao wamama wakipigiwa na mtu anayejua jina kamili na namba ya kitambulisho, akijifanya anatoka kwa benki, watamwamini, wasipoambiwa mapema. Ukimtafuta mwenyekiti kabla ya mkutano, mkae wawili, uende na taarifa ya M-Pesa mkononi, mazungumzo yatakuwa tofauti na yale ya kuulizwa mbele ya watu. Unaweza pia kungoja mkutano, ni haki yako, lakini fikiria nani atakuwa ameshatangulia kukusema.

Haya, antivirasi. Swali lako ni ununue gani, na mimi nataka nikuulize lingine kwanza. Hiyo ya shemeji ilishindwa kazi, ama ilizimwa? Kwa maelezo yako ilizimwa. Hata ungekuwa na ile ya 3,200, na kijana anaingia kwa akaunti ya edmini, ile yenye ruhusa ya kubadilisha kila kitu, kama kila mtu hapo nyumbani, video ingemwambia azime na angezima. Duka halitakuambia hilo, na si kwa ubaya, wao wanauza boksi.

Lakini pia sitaki ubaki ukifikiria basi shemeji hana kosa lolote. Antivirasi ya kraki mtu ameshaifungua ndani akabadilisha, hujui amebadilisha nini, na mara nyingi zinaacha kupokea apdeti bila kusema, unaona tu alama ya kijani pale chini unatulia. Na nyumba yenye kila kitu ni cha kraki, Windows, Office, antivirasi, inamfundisha mtoto kwamba hivyo ndivyo programu hupatikana. Kijana wako alifanya kitu ambacho watu wazima aliokuwa anawaona walikuwa wamefanya kabla yake. Nasema hivi kwa upole, najua inauma.

Kwa hivyo ile Kaspersky ya kraki ambayo shemeji anakutumia kwa mapenzi, mimi ningeogopa sana. Kaspersky ya leseni ni jambo lingine, ni programu nzuri kwa kukamata virasi, ingawa unapaswa kujua Marekani ilipiga marufuku isiuzwe kwao 2024 kwa sababu ni kampuni ya Urusi na wanahofia serikali ya huko, kampuni yenyewe inakataa hayo. Kenya inauzwa bila shida. Wengine hilo haliwasumbui, wengine linawakosesha raha, wewe ndio unajua. Ukitaka ya kutoka kwingine kuna Bitdefender ya Romania na ESET ya Slovakia, zote ziko madukani. Za bure pia ziko, lakini uliza wanakula wapi, Avast walipigwa faini ya dola milioni 16.5 huko Marekani 2024 kwa sababu kampuni yao ndogo ilikuwa inauza historia ya mambo watu wanatembelea kwa intaneti.

Mwalimu mwenzako naye hajakosea. Microsoft Defender, ile inayokuja na Windows, miaka ya nyuma ilikuwa inachekwa lakini siku hizi kwa majaribio ya maabara kama AV-TEST ya Ujerumani inapata alama za juu pamoja na hizo za kulipia. Haina bei, na kwa kompyuta ya mtumba yenye RAM ndogo haikulemei sana. Iko hata na ulinzi wa foda, wa kuzuia programu isiyojulikana isiguse faili zako, ila unakuja ukiwa umezimwa, lazima uuwashe mwenyewe, na utakusumbua siku za kwanza ukikataza hata programu nzuri. Ya kulipia itakuongezea mambo kama kuzuia tovuti feki kwa brauza zote, kuhifadhi paswadi, na mtu wa kupigia simu ukikwama, na kwa mtu kama mume wako kuna utulivu fulani wa kujua amelipia kitu. Hiyo nayo si bure bure tu, utulivu wa nyumba una thamani. Hatari yake ni leseni kuisha mwaka ujao bila mtu kukumbuka, ama bei ya mwaka wa pili kuwa juu kuliko ya kwanza, uliza hapo dukani kabla ya kutoa pesa. Na usiweke mbili pamoja ukidhani ulinzi umezidi, zitapigana na kompyuta itakuwa nzito kama jiwe.

Kuna jambo moja hakuna aliyekuambia. Kompyuta ya mtumba ya 2021 nadhani iko na Windows 10, na hiyo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Defender yenyewe wamesema wataendelea kuipatia taarifa za virasi mpya mpaka 2028, lakini matobo ya Windows ni kitu kingine, hayo antivirasi haizibi. Kwa watu wa nyumbani waliweka nafasi ya kuongezewa apdeti za usalama mpaka Oktoba 2026, unajiandikisha kwa akaunti ya Microsoft. Kwenda Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel za kizazi cha 8 kwenda juu, na nyingi za mtumba ni za nyuma ya hapo. Kama hizo 3,200 ndizo pesa pekee ziko, weka mezani pia swali la diski ya nje, ile unachomeka Jumapili jioni, unanakili faili za chama, halafu unachomoa. Ikibaki imechomekwa virasi itaifunga pia.

Na akaunti za watoto ziwe za kawaida, paswadi ya edmini mjue wewe na baba watoto. Hiyo haina gharama.

Sasa turudi jikoni.

Ukinyamaza, umemlinda kijana na umetimiza kile aliomba, lakini shemeji anaendelea kubeba kitu ambacho nusu yake si chake, na kijana anaona hivyo kila siku. Watoto wengine hilo linawakaa rohoni kuliko kiboko. Ukimwambia mume wewe mwenyewe, ukweli utatoka, lakini kijana anaweza kusema alikuamini ukamuuza, na kesho akiwa na jambo kubwa zaidi hatakuja kupanguza sahani. Kuna njia ya tatu, ya kumpa nafasi aseme mwenyewe wewe ukiwa umekaa hapo kando yake, umwambie hutamsemea lakini pia hutamdanganyia, na umpe siku. Hatari yake ni hasira ya baba yake, na hapo wewe unamjua mume wako mimi simjui, kama ni mtu wa kupandisha mkono hiyo inabadilisha kila kitu na itabidi utangulie wewe kumtayarisha.

Najiuliza pia kama mume wako alimkasirikia shemeji kwa sababu ya virasi peke yake. Yale maneno ya tulikusomesha yanaonekana ya zamani kidogo. Huenda kuna kitu kati ya hao ndugu wawili ambacho kompyuta imekifungulia mlango tu, na kikiwa hivyo, ungamo la kijana litasaidia lakini halitamaliza, na usijilaumu lisipomaliza.

Shemeji mwenyewe, ukipata nafasi, mjibu huo ujumbe. Huhitaji kumwambia siri ya mtoto. Unaweza kumwambia hutaki kraki tena kwa nyumba lakini unataka yeye ndiye aje anakili zile faili zilizofungwa kwa diski, aifomati kompyuta, aweke Windows ya leseni, na muweke pamoja hizo akaunti. Ni fundi, mpe kazi ya fundi, na umlipe kama fundi. Halafu safari hii usimwache aende kabla hajakunywa chai.

Niandikie tena ukishaangalia ile namba kwa _readme.txt, uniambie mwisho wake ni nini.